Siku ya Bao, Drafti na Karata Katandala

Jioni hii twataka kuzungumza nanyi juu ya michezo. Hatuneni mpira wala mbio, ambazo wasemaji wake ni wengi. Twanena michezo ya kuketi, yaani bao, drafti na karata, kama tulivyoiona katika siku moja ya michezo huku kwetu Katandala, mjini Sumbawanga. Huenda mtu akacheka na kusema, "Mambo ya mchezo yahitaji hotuba?" Twamwomba avumilie kidogo. Mchezo ni jambo dogo, lakini jambo dogo lisilotunzwa limepata kuvunja nyumba nyingi.

Kabla ya kusifu neno lo lote, yatupasa kueleza aibu yetu wenyewe.

Miaka michache iliyopita, katika mwezi wa Novemba, mvua zilikuwa karibu kuanza. Kila mkulima wa Ufipa ajua maana ya siku zile: mbegu zimekwisha chaguliwa, shamba limekwisha tayarishwa, na lililobaki ni mbolea, kwani ardhi iliyolimwa miaka mingi haitoi mahindi bure. Tulimpa kijana wa nyumba yetu fedha za mifuko miwili ya mbolea, tukamtuma dukani. Njiani, nyuma ya nyumba moja, akawakuta watu wanne wamelizunguka sanduku, wanacheza karata za fedha. Kijana huyu alizijua karata vizuri, kwa kuwa sisi wenyewe tulimfundisha, jioni za baridi, karibu na moto. Tena tulimsifu mbele ya wageni ya kuwa hana mshindani. Basi akaketi. Mara ya kwanza akashinda. Mara ya pili akashinda tena. Hata ilipofika adhuhuri hakuwa na shilingi moja.

Usiku ule hakurudi nyumbani. Asubuhi yake alikuja nyuma ya mjomba wake, ameinamisha kichwa. Mjomba akabisha hodi, akaketi, akasema: "Shemeji, mtoto nimemleta. Fedha sikuja nazo."

Kijana akaamkia, "Shikamoo, baba." Tukaitikia, "Marahaba," lakini kwa sauti ambayo leo twaijutia. Akasema, "Baba, nilishinda mara mbili." Masikini, hilo ndilo lililomshangaza: hakuwa ameelewa bado ya kuwa ushindi ule wa mara mbili ulikuwa chambo. Mahindi ya mwaka ule yalitoka ya manjano, na mavuno hayakufika nusu ya yale ya mwaka uliotangulia. Kila tulipopita shambani tulisoma hesabu ya karata zile.

Hasira yetu ya kwanza ilitutuma kuzichoma karata zote zilizokuwamo nyumbani. Jirani yetu, mzee aliye bingwa wa bao, akatuzuia. Akasema, "Mtazichoma karata, je, na kete za bao mtazichoma? Kijiwe chochote cha njiani ni kete. Kijana huyu hakukosa makatazo. Alikosa mahali pema pa kuchezea, na watu wazima wa kucheza naye." Neno hili lilituuma kwa kuwa lilikuwa kweli. Tulimfundisha kijana namna ya kushinda, wala hatukumfundisha namna ya kuondoka.

Katika maneno ya mzee yule ndimo ilimotoka siku ya michezo. Tulichagua Jumamosi moja baada ya mavuno, wakati ule ambapo baridi ya nyanda za juu huwafanya watu wavae makoti hata saa nne ya asubuhi, na kazi za shamba zimepungua. Tulipata kiwanja, mikeka, viti vichache na kivuli ambacho hakuna aliyekitaka kabla ya adhuhuri. Mabao mawili ya mbao yaliletwa na wazee. La tatu vijana walilichimba ardhini kwa jembe dogo. Mabao ya drafti yalikuwa vipande vya mbao vilivyopigwa rangi, na kete zake vifuniko vya soda, upande mmoja vikilala chali na upande wa pili kifudifudi. Karata zilitoka majumbani, nyingine zimechakaa hata pembe zake zimekuwa duara.

Tuseme kwanza habari ya bao, kwa kuwa ndilo kubwa la michezo hii.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32, katika safu nne za mashimo manane manane. Kila mchezaji ana safu mbili zilizo karibu naye. Kete zote ni 64. Pwani hutumia komwe, mbegu ngumu za mkomwe. Huku mbali na bahari vijiwe vyatosha. Mwanzo wa mchezo kila mtu huweka kete sita katika shimo liitwalo nyumba, ambalo ni la tano katika safu yake ya mbele akihesabu kutoka kushoto kwake, na mara nyingi huchongwa mraba ili lijulikane. Kisha huweka kete mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata upande wa kulia. Hizo ni kumi. Zile 22 zilizosalia hubaki mkononi. Sehemu ya kwanza ya mchezo huitwa namu, na ndani yake wachezaji huingiza kete moja moja kwa zamu. Mkono ukiisha kuwa mtupu, huanza mtaji, ambao ndani yake kete hutolewa katika mashimo yenyewe na kupandwa moja moja katika mashimo yanayofuata. Aliyeishiwa kete katika safu yake ya mbele, au asiye na njia ya kucheza, ameshindwa.

Tazameni sasa jambo ambalo huwapita watazamaji wengi. Katika drafti, kete iliyoliwa huondolewa, nayo haina kazi tena. Katika bao, mtu akila kete za mwenzake hazitupi kando. Huzipanda upya katika upande wake mwenyewe, akianzia kichwa, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele. Kwa hiyo kete 64 zilizoanza mchezo ndizo zinazoumaliza. Hakuna kinachopotea, hubadilika mwenyewe tu. Aliyekuwa na nyumba iliyojaa aweza kubaki na shimo tupu katika zamu moja, na aliyeonekana fukara aweza kurudishiwa yote kabla jua halijasogea. Kwa sababu hiyo mchezaji wa bao hawezi kuhesabu vyake tu. Mzee jirani yetu humwambia kila mwanafunzi wake, "Hesabu za mwenzako kwanza, ndipo ujue una nini."

Mchezo huu si wa watu wajinga wala wa watu wavivu, kama wengine wanavyodhani. Mwalimu Julius Nyerere, Rais wa kwanza wa Tanzania, alikuwa mpenzi wa bao, naye aliendelea kulicheza kwao Butiama baada ya kung'atuka katika urais mwaka 1985. Mtaalamu mmoja wa Uholanzi, Alex de Voogt, aliketi na mabingwa wa Unguja akaandika kitabu juu ya uhodari wao, kilichotoka mwaka 1995. Jamaa za bao zimeenea katika nchi nyingi: Waganda wana omweso, Wanyarwanda wana igisoro, Malawi wana bawo, na Wasukuma wana isolo. Omweso na igisoro nazo huchezwa katika mashimo 32 na kete 64, lakini sheria zao ni nyingine. Mtu aweza kuwa bingwa kwao, akafika ugenini akashindwa na mtoto, si kwa upungufu wa akili, bali kwa kutouliza sheria za wenyeji.

Na hapo ndipo siku yetu ilipokaribia kuharibika. Haikuwa katika bao. Ilikuwa katika drafti.

Drafti kila mtu adhani anaijua. Bao lake lina vyumba 64, na kila mchezaji ana kete 12. Huendeshwa kwa mshazari, na kete ifikayo mwisho wa upande wa pili huwa kingi. Lakini kijana mmoja aliyekulia mji mwingine aliona ya kuwa kete ya kawaida yaweza kula hata kwa kurudi nyuma, na mwenziwe wa Katandala akaona ya kuwa hiyo ni ruhusa ya kingi peke yake. Tena, aliyekuwa na nafasi ya kula akaiacha, je, alazimishwe kula, au kete yake iondolewe, au asamehewe? Wawili wale hawakuulizana kabla ya kuanza. Waliulizana katikati ya mchezo, wakati mmoja alipokwisha kunyanyua kete tatu. Sauti zikapanda, watazamaji wakagawanyika pande mbili, na mtu mmoja akalipiga teke bao, vifuniko vikatawanyika vumbini.

Mzee wa bao hakuwakemea. Aliinama akaanza kuokota vifuniko kimoja kimoja, na vijana walipomwona babu anaokota, waliona haya, wakainama nao. Vilipokwisha kuhesabiwa vyote 24, akasema, "Hapa hakuna mwongo. Kila mmoja amecheza kwa sheria ya kwao. Mwongo ni yule aliyeanza mchezo bila ya kuuliza, na hao ni nyinyi wawili." Kisha akataka sheria zitajwe kwa sauti, watu wote wakisikia, na kila moja ikubaliwe au ikataliwe. Kijana wa shule akaziandika katika karatasi, ikabandikwa ukutani. Haikuchukua hata nusu saa. Tangu wakati ule hata jioni hapakuwa na ugomvi wa pili, ila mara mbili watu walikwenda kuisoma karatasi, wakarudi wakicheka.

Enyi wanafunzi mnaotusikiliza, litieni maanani jambo hili. Sheria iliyowekwa kabla ya mchezo huwa ni mwamuzi. Sheria iliyotafutwa katikati ya mchezo huwa ni silaha ya yule anayekaribia kushindwa.

Sasa tuje kwenye karata, ambazo baada ya msiba wa nyumba yetu tulikuwa na haki ya kuzichukia. Tuliulizana sana kama ziletwe au zisiletwe. Jina lenyewe laonyesha njia zilizopita: karata ni neno la Wareno, waliofika pwani yetu mwaka 1498 pamoja na Vasco da Gama, wakapoteza Mombasa mwaka 1698. Wareno walikwenda zao, lakini waliacha meza, leso, gereza na karata. Hata majina ya karata, kopa, uru, shupaza na pao, ni yao. Wenyeji walizichukua karata wakazifanya zao, na leo hakuna mtaa wa Tanzania usiojua albastini.

Tofauti ya karata na bao ni hii. Bao li wazi: kete zote zaonekana na macho manne, wala hakuna bahati ndani yake, ukishindwa, umeshindwa na akili ya mwenzako. Karata zimefichwa mkononi, nazo hugawanywa kwa bahati. Kwa hiyo fedha hupenda karata kuliko bao. Anayeshindwa katika bao ajua amezidiwa, huondoka. Anayeshindwa katika karata hujidanganya ya kuwa mgawo ujao utakuwa wake, huketi. Hiyo ndiyo kamba iliyomfunga kijana wetu siku ile ya mbolea. Hakufungwa na kopa wala shupaza. Alifungwa na matumaini ya mgawo ujao.

Lakini karata zenyewe, pasipo fedha, zina mafundisho ambayo bao halina. Albastini huchezwa kwa wenzi. Mwenzi wako hukuonyeshi karata zake, nawe yakupasa umfahamu kwa zile anazozitupa, umwamini, na umsaidie hata pale ambapo ungependa kujishindia peke yako. Watu wa nyumba moja waweza kukaa miaka mingi bila ya kujifunza jambo hilo. Basi tulikata shauri karata ziletwe, kwa sharti moja: asionekane mtu na fedha mezani, wala chini ya meza, wala ahadi ya soda, wala ahadi ya sigara. Maana soda ya leo ndiyo shilingi ya kesho. Mshindi alipata makofi, na aliyeshindwa alipewa kazi ya kuchanganya karata za mchezo unaofuata.

Hapa twaongeza neno la sheria, lipate kujulikana na wazazi. Mwaka 2003 Tanzania ilitunga sheria ya michezo ya kubahatisha, na kwayo ikaundwa bodi ya kuisimamia. Michezo hiyo si ruhusa kwa watoto walio chini ya umri wa miaka 18, wala si halali kwa mtu ye yote kuiendesha bila leseni. Lakini bodi haiwezi kuketi nyuma ya kila nyumba. Zaidi ya hayo, siku hizi kijana aweza kucheza kamari katika simu yake akiwa amelala kitandani, na baba yake adhani amelala usingizi. Askari wa karibu kuliko wote ni mzazi anayejua mtoto wake hucheza nini na hucheza na nani.

Liko jambo moja tena ambalo lilitufedhehesha siku ile, nalo ni habari ya wasichana. Asubuhi nzima hapakuwa na msichana hata mmoja katika mabao. Wengine walikuwa wamekwenda kuchota maji, wengine walikuwa jikoni wakipika chakula cha wachezaji, na hakuna kati yetu aliyeona ajabu. Baada ya chakula binti mmoja wa shule alisimama karibu na bao la drafti, akasema kwa adabu, "Kaka, nami naomba zamu." Wengine wakacheka. Mzee akauliza, "Karatasi ya ukutani yasema mchezaji awe mwanamume?" Wakatazama, haikusema. Binti akaketi. Mchezo wa kwanza alishindwa, wa pili akashindwa, wa tatu wakatoka sare. Alipoinuka, wasichana watatu walikuwa nyuma yake wakingoja.

Wale wanaodhani michezo ya akili si kazi ya wasichana na wasikie habari ya jirani zetu wa Uganda. Phiona Mutesi alikulia Katwe, mtaa wa watu maskini wa mji wa Kampala, akafundishwa sataranji na mwalimu Robert Katende. Mwaka 2010 alikwenda Khanty-Mansiysk, huko Urusi, kuiwakilisha nchi yake katika mashindano ya sataranji ya mataifa. Na mwaka 2012, katika mashindano kama hayo mjini Istanbul, alipata daraja ya ubingwa ambayo wanawake wa Uganda hawakuwa wameipata kabla yake, yeye pamoja na mwenziwe Ivy Amoko. Mwaka 2016 habari zake zilitolewa katika sinema, zikaonekana dunia nzima. Hatusemi kila binti wa Katandala atafika Urusi kwa vifuniko vya soda. Twasema tu ya kuwa akili haikuulizwa jinsi yake ilipogawanywa, na mama aliyebeba ndoo zote asubuhi aweza kusaidiwa na kaka.

Jioni ilipokaribia, kijana wetu aliketi mbele ya mzee, katika bao lile lililochimbwa ardhini. Tangu mwaka ule wa mbolea hakupenda kucheza mbele ya watu, nasi hatukumshurutisha. Walicheza kimya. Alianza vizuri, akala mara tatu mfululizo, tukaona uso wake unabadilika kuwa ule uso wa zamani, uso wa mtu aliyeshinda mara mbili. Kisha mzee akacheza kete moja, ambayo sisi tulidhani ni kosa. Ikala, ikazunguka, ikala tena, hata safu ya mbele ya kijana ikabaki tupu kabisa.

Kijana akayatazama mashimo yale muda kidogo. Halafu akanyosha mkono, akasema, "Ahsante, babu. Nimeshindwa."

Mzee akamwuliza, "Turudie?"

Kijana akalitazama jua, akatutazama na sisi, akasema, "Kesho, babu. Sasa yanipasa nikakusanye mikeka." Akainuka, akaikusanya.

Wasikilizaji wetu, siku ile yote hatukuona ushindi uliotupendeza kuliko kushindwa kule. Mwezi wa Novemba uliofuata tulimpa tena fedha za mbolea. Twaungama ya kuwa siku ile tuliketi nje tangu asubuhi, tukitazama njia. Alirudi saa saba, mifuko miwili imefungwa juu ya baisikeli, na salio la fedha ameliviringisha katika risiti.

Basi, kama huko mliko mwapenda kufanya siku kama hii, mambo yake ni machache, nayo hayahitaji mali. Tafuteni Jumamosi ambayo shamba halimwiti mtu. Tajeni sheria kabla ya kete ya kwanza, mkaziandike mahali watu wote watakapoziona. Fedha ikae mbali, nayo soda ikae mbali pamoja nayo. Wasichana wawe na zamu zao, na ndoo ziwe na zamu zake. Wazee wasiketi upande wao peke yao wakilaumu vijana, bali waketi nao katika bao moja, kwani bao halijui mvi. Na zaidi ya yote, mtoto akijua kushinda, msiishie hapo. Mfundisheni na kuinuka.